Fadhili William na Malaika

Marehemu Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka wa 1938 huko Taita. Wimbo uliomtoa ni Malaika: kijana anampenda msichana lakini hana mali ya kumwoa, basi anabaki kuteseka tu. Hapa kwetu Oyugis, ambako mahari ni ng'ombe, nani haelewi uchungu huo? Na bado watu huuimba harusini, jamani! Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa mwaka wa 1965, Boney M mwaka wa 1981. Mtanzania Adam Salim alidai kuwa ndiye mtunzi. Mimi naona aliyeutunga, awe nani, alikuwa ameumia kweli. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi mwaka wa 2001.