Lord Delamere na ng'ombe wake

Wote tunajua namna Yakobo alivyochagua mifugo yenye madoadoa kwa Labani. Leo tutasoma maisha ya mtu mwingine aliyechagua mifugo, si mbali sana na sisi, huko Kenya.

Jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika jamaa ya matajiri. Mwaka 1891 alifika Somalia kuwinda simba. Mwaka 1897 akaingia katika nchi ya juu ya Kenya, yenye baridi na majani mengi kama milima yetu ya Masisi. Akatamani kukaa huko. Mwaka 1903 serikali ya Waingereza ilimkodishia shamba kule Njoro, karibu hekta 40 000, kwa miaka 99.

Akaleta madume kutoka Ulaya, akayapandisha kwa ng'ombe wa kienyeji. Ng'ombe wa kizungu ana mwili mkubwa na maziwa mengi, lakini kupe wanamuua upesi. Wetu ana nundu, ni mdogo, maziwa ni machache, lakini anavumilia jua na magonjwa. Ndama anapata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Dume halikamuliwi, kumbe nalo linabeba urithi wa maziwa; tunalijua kwa kumtazama mama yake na mabinti zake.

Akili hiyo ilikuwa nzuri, lakini mifugo ilikufa mingi sana: ugonjwa wa mapafu, homa ya kupe, tena udhaifu ambao haukueleweka. Wamasai walikuwa hawalishi pale, sababu walijua majani yale si mazuri. Yeye hakuwasikiliza. Baadaye wenye elimu walitambua kwamba udongo wa upande ule wa Nakuru unakosa kobalti, madini ile ile inayochimbwa kwetu Katanga.

Delamere hakukata tamaa. Alihamisha mifugo mpaka Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko ikaongezeka. Ngano yake ilipoharibiwa na kutu, akamwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Alikufa tarehe 13 Novemba 1931, akizikwa Soysambu, na kuacha madeni makubwa ya benki.

Lakini tusimsifu bila kusema yote. Nchi aliyolishia ilikuwa ya Wamasai, waliohamishwa mwaka 1904, na tena kutoka Laikipia kuanzia 1911. Yeye mwenyewe alipigania nchi ya juu ibaki ya wazungu peke yao. Sisi wa Masisi tunajua namna mambo ya ardhi yanavyouma: vita ya 1993 na zile zilizofuata zilimaliza watu, na ng'ombe pia.

Tunajifunza nini? Kwanza, urefu wa mwili unarithiwa kwa nguvu kuliko wingi wa maziwa. Sehemu kubwa ya maziwa inatoka kwa majani, maji, chumvi na dawa ya kupe. Mwenye kununua dume zuri bila kutengeneza malisho anapoteza pesa zake bure. Pili, kabla ya kuleta elimu mpya, uliza wazee wenye kuchunga pale. Hawajasoma jenetiki, lakini wanajua kilima gani ndama wanakonda.