George Eastman: karani wa benki aliyeingiza kamera majumbani

Likifunguliwa kasha la bibi yeyote mzee wa Kibokoni, au la Mkomani kule Lamu, chini ya kanga na vikuku hakukosekani bahasha ya picha. Bwana arusi amevaa joho na jambia, watoto wamevalishwa nguo za Idi, na mjomba amesimama kando ya meli siku ya kwenda Hijja. Bahasha hizo aghalabu zilikuwa za rangi ya manjano, na juu yake pameandikwa neno moja ambalo halina maana katika lugha yoyote ya ulimwengu: Kodak. Neno hilo lilibuniwa na Mmarekani aliyeipenda sana herufi K, naye ndiye tunayemzungumzia leo.

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai, 1854, katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na shule ya kufundisha ukarani na biashara katika mji wa Rochester, lakini alifariki mwaka 1862 na kumwachia mkewe watoto watatu na umaskini. Mama huyo, Bi. Maria, alikodisha vyumba vya nyumba yake kwa wapangaji ili wanawe wapate riziki. Dada mmoja wa George alikuwa mlemavu wa miguu na alifariki mwaka 1870. Kijana mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaajiriwa kama tarishi katika ofisi ya bima kwa dola 3 kwa wiki, na mwaka 1874 akapata ukarani katika benki ya akiba ya Rochester.

Mwaka 1877 alikusudia kufunga safari ya Santo Domingo, na mwenzake mmoja akamshauri achukue vyombo vya kupigia picha. Alivinunua, na hapo ndipo alipoona kazi ilivyokuwa. Wakati huo mpiga picha alilazimika kuchukua kamera kubwa kama sanduku, miguu yake mitatu, hema la giza, chupa za dawa na vioo. Kioo kilipakwa dawa papo hapo na kupigwa picha kabla hakijakauka. Safari ile hakwenda, lakini swali lilimkaa moyoni: kwa nini mtu abebe mzigo wa punda kwa ajili ya picha moja?

Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akishinda benki mchana, na usiku akichanganya dawa katika jiko la mama yake. Alifaulu kutengeneza vioo vya dawa kavu, ambavyo viliweza kuwekwa na kutumiwa baadaye. Mwaka 1880 alikodi orofa moja Rochester, na mwaka uliofuata akashirikiana na Bw. Henry Strong, ambaye alikuwa mmoja wa wapangaji wa mama yake. Haukupita muda mrefu vioo vikaanza kuharibika mikononi mwa wateja kwa sababu ya jelatini mbovu. Eastman aliwarudishia wote vioo vizuri badala ya vibovu, ingawa hasara ilikaribia kummaliza. Jambo hilo lilimpatia jina jema, na jina jema katika biashara ni mtaji.

Hata hivyo, alipotengeneza mkanda wa picha wa kuzungushwa mahali pa kioo, wapiga picha wa kazi hawakuupenda. Waliona picha zake hazikuwa safi kama za kioo. Mfanyabiashara mwingine angalirudi kwenye vioo vyake. Eastman aliwaacha mafundi na kuwageukia watu ambao hawakuwahi kupiga picha hata siku moja. Mwaka 1888 alitoa kamera ndogo aliyoiita Kodak, bei yake dola 25, ikiwa tayari na mkanda wa picha 100. Mnunuzi alibonyeza tu. Picha zilipokwisha aliipeleka kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake zimesafishwa na kamera imetiwa mkanda mpya. Mwaka 1889 mkanda wa karatasi ulifuatwa na filamu angavu, ile ile iliyomwezesha Edison kutengeneza picha za senema.

Hapa ndipo penye akili ya biashara yake. Ni kama muuza taa za chemli anayekuuzia taa kwa bei ya chini, akijua kwamba mafuta utayafuata dukani kwake maisha yako yote. Mwaka 1900 Eastman alitoa kamera iliyoitwa Brownie, sanduku la kadibodi la dola 1 tu, na filamu yake senti 15. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000. Faida haikuwa katika sanduku, bali katika filamu, karatasi na dawa, ambavyo mteja alivihitaji kila arusi na kila Idi. Sisi tunaona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyopata kuufanya, na kila anayetazama picha ya marehemu babu yake leo amefaidika nao.

Kwa Waislamu jambo hili lilileta mjadala wa aina nyingine. Je, picha ya kamera ni sawa na sanamu iliyokatazwa? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuihalalisha, akieleza kwamba kamera hukizuia tu kivuli cha alichokiumba Mwenyezi Mungu, wala haiumbi kitu. Wapo wanavyuoni waliompinga, na wapo wasioikubali hata sasa.

Lakini tusimsifu Eastman kwa upande mmoja. Mchungaji mmoja wa mji wa Newark, Hannibal Goodwin, aliomba hati ya kumiliki uvumbuzi wa filamu angavu mwaka 1887, kabla ya mkemia wa Eastman. Maombi yake yalikaa serikalini miaka 11, na ilhali Kodak inachuma mali kwa filamu hiyo, Goodwin alipewa hati mwaka 1898 akiwa mzee. Alifariki mwaka 1900 kabla kiwanda chake hakijaanza kazi. Kampuni iliyonunua haki zake ilimshtaki Eastman, na mwaka 1914 akalazimika kulipa dola milioni 5. Pesa hizo hazikumsumbua, kwani alikuwa amekwisha pata nyingi zaidi, na mwenye haki alikuwa kaburini.

Tena alikuwa akiwanunua washindani wake mmoja baada ya mwingine, na kuwafunga wenye maduka kwa masharti wasiuze bidhaa za wengine. Mwaka 1915 mahakama ilimhukumu kuwa anaendesha ukiritimba, na mwaka 1921 akakubali kuuza baadhi ya viwanda vyake.

Mtu huyo huyo alikuwa mtoaji mkubwa. Mwaka 1912 alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida, na mwaka 1919 akawapa theluthi ya hisa zake, zenye thamani ya dola milioni 10. Chuo cha ufundi cha MIT kilipata kwake mamilioni kwa jina la bandia la Bw. Smith, na ilichukua miaka mingi kabla ya watu kumjua. Alijenga zahanati za meno Rochester, London, Roma na miji mingine. Alivisaidia pia vyuo vya Wamarekani weusi vya Tuskegee na Hampton, ingawa ndani ya viwanda vyake weusi hawakupata ila kazi chache.

Hakuoa kamwe. Mama yake alifariki mwaka 1907, na baada ya hapo nyumba yake kubwa ilijaa wageni na muziki tu. Mwaka 1926, akiwa na zaidi ya miaka 70, alifika Kenya kwa safari ya kuwinda na kupiga picha pamoja na Martin na Osa Johnson, na kambini alipenda kuoka mikate kwa mikono yake. Miaka michache baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ulimfanya atembee kwa taabu. Tarehe 14 Machi, 1932, alijiua kwa bastola, baada ya kuacha karatasi fupi yenye kusema kwamba kazi yake imekwisha. Dini yetu hailiruhusu tendo hilo, nasi hatuna la kuongeza.

Warithi wake walikuwa na kazi ngumu. Mwaka 1975, ndani ya maabara za Kodak, mhandisi kijana Steven Sasson aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa katika utepe wa kaseti. Wakubwa waliitazama wakaona itakula biashara ya filamu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, nao hawakuwa na haraka. Eastman alikiacha kioo kilichokuwa kikimlipa akafuata mkanda. Wao walishindwa kuuacha mkanda. Makampuni mengine yaliichukua biashara hiyo, kisha simu ya mkononi ikaingia. Tarehe 19 Januari, 2012, Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ilitoka huko mwaka 2013 ikiwa ndogo sana, imeuza haki zake nyingi za uvumbuzi, na kiwanda cha Rochester kikaendelea kutengeneza filamu za senema kwa waongozaji ambao hawataki kuziacha.