Daktari wa Herufi za Msasa

Ukitaja Montessori hapa chuoni, watu wanafikiria basi la njano na ada ya mamilioni. Mimi mwenyewe nilidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni mama mmoja wa Kiitalia, daktari wa binadamu, na watoto wake wa kwanza hawakuwa wa basi la njano hata kidogo. Walikuwa watoto waliofungiwa katika hospitali ya vichaa.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya aibu. Likizo ya mwaka wa pili nilikuwa nyumbani Kisiwani, nafundisha tusheni barazani kwa bibi, nasogeza siku hadi bumu litoke. Alikuwepo mtoto wa miaka 10 hivi. Mbuzi akipotea anajua ni wa nani, na akiona nyayo shambani anakwambia tembo wa Mkomazi wameelekea wapi. Lakini b na d kwake kitu kimoja. Baada ya wiki tatu nikamwambia mama yake, tena mbele za watu, asiendelee kupoteza hela, mtoto hana kichwa cha shule. Yule mama hakubishana. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka, na kuanzia Jumatatu yule mtoto nikawa namwona na mbuzi tu.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870, Chiaravalle, mashariki mwa Italia. Nyumbani walimshauri awe mwalimu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwanamke msomi. Akakataa katakata. Mwaka 1896 akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Roma, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini kwao. Wanaume walipasua maiti darasani kwa pamoja. Yeye alifanya kazi hiyo peke yake baada ya saa za masomo, kwa kuwa ilionekana si heshima mwanamke kusimama na wanaume mbele ya mwili ulio uchi. Sisi tunaolalamikia ratiba ya maabara hapo tunyamaze kidogo.

Kazi ya kliniki ikampeleka kwenye wodi za vichaa. Huko akakuta watoto wamechanganywa na watu wazima, eti hawafundishiki. Mhudumu alilalamika kuwa wakimaliza kula wanajitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Montessori akatazama kile chumba, akaona hakina kitu kingine chochote cha kushika. Akaelewa kwamba njaa yao haikuwa ya tumbo, ilikuwa ya mikono. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo, maana mimi nilikaa na mtoto wiki tatu na sikuwahi kumpa kitu cha kushika zaidi ya penseli.

Hakujifanya amebuni kila kitu. Walikuwepo Wafaransa wawili waliomtangulia: Itard, aliyemfundisha mvulana aliyeokotwa porini, na Séguin, aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa kupitia viungo na milango ya fahamu. Maandishi yao aliyatafsiri na kuyanakili kwa mkono wake, ili apime kila neno. Mwaka 1900 ikafunguliwa Roma shule ya kuandaa walimu wa watoto hao, yeye akiwa mmoja wa wakurugenzi wawili. Mchana anafundisha, usiku anaandika alichokiona. Baadhi ya watoto wakafanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wakashangilia muujiza. Yeye akajiuliza swali la kuudhi: shule za kawaida zinawafanya nini watoto wazima, hadi wafikiwe na hawa?

Mkurugenzi mwenzake, Giuseppe Montesano, alikuwa pia baba wa mtoto wake, Mario, aliyezaliwa 1898. Hawakuoana. Mama wa mtoto bila ndoa angepoteza kazi na jina, kwa hiyo Mario akapelekwa kulelewa kijijini, na mama akawa anamtembelea kama mgeni. Hapa huwa tunabishana sana hosteli. Wapo wanaosema alikuwa mnafiki. Mimi nasema hukumu hiyo wapewe kwanza waliotunga masharti. Lakini yule mtoto alisubiri miaka kama 15 kuishi na mama yake, na hilo siwezi kulipaka rangi.

Januari 1907 akafungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, kwa watoto ambao wazazi walikuwa vibaruani na wao wanaharibu kuta. Watoto wa kwanza alikuwa amewatengenezea herufi za mbao. San Lorenzo hazikupatikana, basi akakata karatasi na msasa, akabandika. Mtoto anapitisha kidole juu ya herufi, mkono unakumbuka kabla ya jicho.

Yaliyofuata yanajulikana. Alipokea msaada wa Mussolini, na hilo simtetei. Mwaka 1934 wakakosana, shule zake zikafungwa. Vita vikamkuta India akiwa na Mario. Alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952. Leo hata Lushoto, ng'ambo tu ya milima yetu, masista wanaandaa walimu kwa njia yake.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwanza kwa yule mama, nikamwomba radhi. Akanikaribisha ndizi, hakusema ndiyo wala hapana. Kisha nikamwomba fundi seremala mabaki ya msasa. Mtoto alikuja baada ya siku nne, jioni, mbuzi wakiwa wameshafungwa. Nikamfumba macho kwa khanga ya bibi, akapitisha kidole kwenye b mara nyingi mno, mpaka akaanza kucheka. Ile d bado inamsumbua. Nilipoondoka nilimwachia herufi zote kwenye boksi la viatu, na mama yake akauliza kama zikichakaa atumie msasa wa namba gani.