HABARI ZA TSHIBUMBA, MCHORAJI WA VITA VYA KONGO

Katika vitabu vya sanaa hutajwa sana Goya wa Hispania, aliyechora mateso ya watu wake walipouawa na askari wa Ufaransa mwaka 1808. Mimi napenda kuwasimulieni habari za mchoraji wa nchi jirani, tena aliyesema Kiswahili kama sisi. Jina lake Tshibumba Kanda-Matulu.

Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Élisabethville, ambao sasa huitwa Lubumbashi. Katanga ni nchi ya machimbo ya shaba, kama Geita yetu ilivyo ya dhahabu na Mwadui ya almasi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, naye angali kijana mdogo. Furaha haikudumu. Siku 11 baadaye Katanga ikajitenga, na utajiri wa shaba ukawa sababu mojawapo ya ugomvi. Wakongo wakapigana wao kwa wao, askari wa Umoja wa Mataifa nao wakaingia, na vita havikwisha mpaka Januari 1963. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari, 1961, pamoja na wenzake wawili, Mpolo na Okito.

Tshibumba hakuwa mtu wa mali. Alipata riziki yake kwa kuchora picha na kuziuza kwa bei ndogo kwa watu wa mjini, nao wakazitundika ukutani majumbani mwao. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Lakini hakutosheka kuitwa mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria wa nchi yake.

Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu huko Lubumbashi. Basi akamchorea picha zipatazo 100, akamweleza habari zake kwa Kiswahili. Humo mna wafungwa wanaochapwa viboko wakati wa Wabelgiji. Mna wafanyakazi wa machimbo waliogoma mwaka 1941 wakipigwa risasi. Mna Lumumba amelala chini, amekufa, na kwa mbali yaonekana misalaba mitatu. Fikirini jambo hili: mwaka 1941 Tshibumba alikuwa hajazaliwa bado. Aliyachora yale aliyoyapokea kwa wakubwa wake, ili yasipotee.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka, naye anahesabiwa kuwa alikufa zamani. Picha zake nyingi zimehifadhiwa Amsterdam, na mwaka 1996 Fabian alizitoa katika kitabu. Hivyo mtu asiye na kaburi linalojulikana ameacha historia nzima ya taifa lake.

Mimi naona maisha yake yanatuhusu sana. Sisi pia twaishi juu ya mali ya ardhini, na yafaa tujue jinsi mali hiyo ilivyoleta damu kwa majirani. Tena katika vijiji vyetu wamo wazee waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na kila mwaka wanapungua. Tuwaendee kwa heshima, tuwaulize, tuandike na kuchora watakayotueleza. Kalamu na karatasi tunazo. Mwenzetu alikuwa na gunia la unga.