John Browning, mtoto wa karakana ya Ogden

Hosteli kila ghorofa ina fundi wake. Huyu anafungua simu, yule anachomelea waya wa pasi, na malipo ni soda. Mimi mwenyewe likizo iliyopita, nyumbani Mafinga, nilijitia ufundi: nikauchukua msumeno wa mnyororo wa baba mdogo, ule wa petroli, nikaunoa mnyororo kwa tupa. Uliwaka vizuri tu. Ulipoingia kwenye gogo ukawa unakwenda upande kama mlevi, maana meno ya kulia nilikuwa nimeyanoa kuliko ya kushoto. Baba mdogo hakusema neno. Aliubeba, akaupeleka kwa fundi mjini, akalipa.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nisome habari za John Moses Browning, jamaa ambaye bunduki zake za kuwindia bado zimo mikononi mwa watu ingawa yeye amekufa miaka mingi.

Alizaliwa mwaka 1855 Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki, Mmormoni aliyehamia huko mwaka 1852, mwenye wake watatu na watoto 22. Kijana alikulia kati ya mvukuto na fuawe, mahali ambapo ukikosa shabaha jioni hakuna kitoweo. Familia ilisimulia kwamba alipokuwa na miaka kama 10, siku mzee hayupo, aliokota mtutu mkuukuu, akaufunga kwa waya kwenye ubao, akatoka na mdogo wake Matt na wakarudi na ndege. Kwetu tungeliita gobole. Mzee alipoliona hakumchapa wala hakumsifu; alimuuliza kama kweli mtu wa umri wake hawezi kutengeneza kitu bora kuliko hicho.

Mimi naliona swali la mzee kuwa la haki, hata kwa mtoto. Gobole lile liliua ndege, kwa hiyo lilifanya kazi. Lakini chombo cha fundi wa ridhaa kinamtumikia aliyekitengeneza, anayejua pa kukishika na pa kukigonga. Cha fundi wa kulipwa kinakwenda kwa mtu usiyemjua, na kikipasuka kinapasuka usoni mwake.

Shule yake kubwa ikawa kutengeneza vya wenzake. Bunduki za kila aina zililetwa karakanani zimeharibika, na anayerekebisha huona kila siku mahali ambapo mbunifu alikosea. Mwaka 1879, akiwa na miaka 24, alipata hataza ya bunduki yake ya kwanza, ya kupakia risasi moja moja. Mwaka huohuo baba yake alifariki, karakana ikabaki kwa vijana.

Hapo ndipo ufundi wa nyumbani ulipogonga mwamba. Kubuni bunduki moja kwa tupa na subira ni jambo moja. Kutengeneza mia moja zinazofanana ni jambo lingine kabisa. Waliokolewa na Mwingereza mpita njia, Frank Rushton, fundi bunduki, aliyewafundisha kupanga mashine na kuzitumia. Walitengeneza kama 600. Moja ikawafikia wakubwa wa kampuni ya Winchester, na mwaka 1883 kiongozi wao, T. G. Bennett, alipanda treni hadi Ogden kumtafuta huyo mtu. Akanunua haki za bunduki ile kwa dola 8,000.

Kilichofuata si mchezo. Kwa karibu miaka 20 Browning alibuni, Winchester wakatengeneza. Ile ya mwaka 1894, ya kuwindia swala wa kule, imetengenezwa zaidi ya milioni 7. Michoro mingine waliinunua wakaifungia kabatini, ili washindani wasiipate tu. Yeye alibaki Ogden. Alijua kiwanda si fani yake, na nadhani kujua hivyo ni nusu ya utaalamu wenyewe.

Raha hakuiacha. Yeye na Matt walikuwa miongoni mwa walenga shabaha wazuri wa nchi yao. Na ni huko kwenye shabaha, mwaka 1889, alipoona majani yakilala kila bunduki inapolia. Wengine waliona majani. Yeye aliona gesi inayopotea bure, akaenda kubuni namna ya kuifanya iendeshe bunduki.

Mwaka 1902 wakagombana na Winchester. Alikuwa ameleta bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya mrusho wake, na safari hii hakutaka kuuza moja kwa moja. Alitaka mrabaha kwa kila moja itakayouzwa. Bennett akakataa. Browning akabeba mzigo wake hadi Ubelgiji, kiwanda cha FN karibu na Liège, nao wakakubali. Bunduki hiyo, Auto-5, iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990. Ndani yake mna vipete vya kupunguza kasi ya mtutu unaporudi nyuma, na hupangwa kulingana na nguvu ya risasi. Mtu akiifungua sebuleni na kuvirudisha vibaya, bunduki itaendelea kulia, huku inajipiga na kupasua kitako polepole. Nilipofika hapo nikaukumbuka msumeno.

Ila sifa tupu haitoshi. Mkono huohuo ulibuni bunduki za rashasha, na bastola aliyoishika Gavrilo Princip Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa ya Browning, imetengenezwa na FN. Vita vilivyofuata vilifika hadi Tanga kabla mwaka haujaisha. Gobole la ubao lisingefika mbali hivyo. Kazi iliyofanywa vizuri huzunguka dunia, na hamchagui anayeishika.

Alifariki tarehe 26 Novemba 1926, kazini, kiwandani kule Liège. Alikuwa na hataza 128. Nyuma yake aliacha bunduki ya kuwindia yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwanawe Val ndiye aliyekuja kukamilisha namna ya kuifyatua mitutu yote miwili kwa kifyatulio kimoja.