Shaaban Robert hakungoja kustaafu

Mwezi uliopita alinijia nyumbani, hapa Mogogosiek, kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Siku hizi ni mwalimu wa mkataba katika shule ya upili, na usiku huandika makala na hadithi za watoto kwa yeyote atakayemlipa. Alikuja kunipa habari kwamba amekata shauri kuacha kazi ili awe mwandishi wa kujitegemea. Hoja yake ilikuwa moja tu: hana wakati. Vipindi, madaftari ya kusahihisha, na Jumamosi kumsaidia mama yake kuchuma majani chai. Hayo yote yamemla siku zake akabakiwa na makombo.

Kidogo nimwunge mkono. Mimi mwenyewe nina mswada wa riwaya nilioanza mwaka wa 1998, nao umelala sandukuni ukingoja nistaafu. Lakini kabla sijafungua kinywa, jicho langu lilitua kwenye rafu, juu ya nakala yangu chakavu ya Kusadikika. Nikamwambia aketi, nimsimulie habari za aliyeiandika. Nazisimulia tena hapa kwa sababu wengi wetu, walimu na wanafunzi, tunamjua Shaaban Robert kama swali la mtihani, wala hatujiulizi aliandika saa ngapi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1926, na mwaka huo huo wa 1926 akaingia kazini, karani wa forodha, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Kazi hiyo ya forodha, ambayo sehemu yake aliifanya Pangani, ilimshika hadi mwaka wa 1944. Kisha akapelekwa bara, kwenye idara ya wanyama. Mwaka wa 1946 alirudi Tanga, akatumikia ofisi ya wilaya hadi 1952, na baada ya hapo ofisi ya upimaji ardhi hadi mwaka wa 1960. Jumla yake ni miaka thelathini na minne ya kuamka asubuhi, kwenda kazini na kuandika maandishi ya watu wengine: shehena, ushuru, barua za wakubwa.

Msomaji na atafakari kidogo juu ya kazi hiyo. Karani Mwafrika katika serikali ya kikoloni hakuwa bwana wa saa zake hata chembe. Alihamishwa alikotakiwa, na mshahara wake ulipimwa kwa rangi ya ngozi yake. Zaidi ya hayo, hakuweza kuisema serikali waziwazi na kubaki kazini. Si ajabu kwamba alipotaka kuandika juu ya nchi ambayo mwenye kuleta mawazo mapya hushtakiwa kama mhalifu, aliiweka nchi hiyo angani, akaiita Kusadikika. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1951, yeye akiwa bado mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Adili na Nduguze kilifuata mwaka wa 1952. Kabla ya hivyo, mwaka wa 1947, Pambo la Lugha kilikuwa kimepigwa chapa huko Johannesburg, na mashairi yake yalikuwa yakisomwa katika gazeti la Mambo Leo. Aidha, alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua ambazo zilikuja kuchapishwa mwaka wa 2002. Za kwanza ni za mwaka wa 1931, za mwisho za mwaka wa 1958. Baina ya vitabu na mashairi, mtu huyu alipata pia nafasi ya kuandika barua kwa miaka ishirini na saba.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni utenzi wake wa vita vya mwaka wa 1939 hadi 1945, wenye beti zipatazo 3,000. Nilichukua chaki nikampigia kijana hesabu kwenye ubao wa jikoni ambapo mke wangu huandika deni la maziwa. Hesabu ni yangu, si ya marehemu. Ukizigawa beti 3,000 kwa siku zote za miaka sita ya vita, hazifiki beti moja na nusu kwa siku. Beti moja na nusu! Hata mwalimu mwenye madaftari mia moja na hamsini aweza kutunga kiasi hicho kabla chai haijapoa. Shida ni kutunga kiasi hicho kesho pia, na kesho kutwa.

Hapa kwetu jambo hili halihitaji kuelezwa sana. Mchai hauvunwi mara moja kwa mwaka kama mahindi. Unachuma majani mawili na chipukizi, unakwenda, na baada ya wiki moja au mbili unarudi kwenye kichaka kile kile. Mwenye shamba anayesema atachuma yote siku atakayopata nafasi hukuta majani yamekomaa, na karani wa mizani humrudishia gunia lake. Kijana alicheka, maana yamewahi kumpata mama yake.

Sipendi, hata hivyo, kuyapamba maisha yale kupita kiasi. Mwanamume wa enzi zile aliporudi kutoka ofisini alikuta chakula kimepikwa na watoto wameogeshwa. Mwalimu wa kike anayesoma makala haya akiwa amesimama kando ya jiko ana haki ya kuniuliza beti moja na nusu zake ataziweka wapi. Sina jibu zuri, isipokuwa kwamba mume wake ana mikono miwili.

Wala kalamu haikumtajirisha karani yule. Alipata tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, lakini alibaki kazini hadi mwaka wa 1960. Mshahara ulikuwa na faida yake pia: ulimpa uhuru wa kuandika alichokitaka. Anayekula kwa kalamu peke yake huandika anachoagizwa, kisha hutumia nusu ya wiki akidai malipo. Gazeti moja liliwahi kunilipa makala matatu baada ya miezi minane. Lau ningekuwa sina mshahara wa ualimu, watoto wangu wangalikula nini?

Alipostaafu hatimaye, alipata ule wakati ambao kijana wangu anautamani, siku nzima mikononi mwake. Ulidumu miaka miwili. Alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kufikirika, kitabu alichokiandika katika miaka ya 1940, kilichapishwa mwaka wa 1967, na utenzi wa vita mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka wa 1968. Vyote hivyo yeye hakuvishika vikiwa vitabu. Lau angalingoja kustaafu ndipo aanze, tungalikuwa leo na karani mmoja hodari wa forodha, asiyekumbukwa na mtu.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mimi nimemaliza ile riwaya niliyokuwa nikiwasimulia darasani. Nikamwambia ukweli. Jumatatu alirudi kwenye vipindi vyake. Mimi niliutoa mswada sandukuni. Panya walikuwa wamekula sura ya tatu, na tangu siku hiyo nimeandika kurasa kumi na moja, nyingi zikiwa za sura hiyo hiyo.