Durga Khote: Kutoka fedheha ya ukoo hadi heshima ya taifa la India

Mwaka 1913, Dadasaheb Phalke alipokuwa akitengeneza Raja Harishchandra, filamu inayohesabiwa kuwa ndefu ya kwanza ya India, alitafuta mwanamke wa kuigiza nafasi ya Malkia Taramati asimpate. Kusimama mbele ya kamera kulionekana kuwa aibu isiyofutika kwa mwanamke yeyote aliyejali jina lake. Mwishowe nafasi hiyo ilichukuliwa na kijana wa kiume, Anna Salunke, aliyevishwa sari na kupambwa kama malkia.

Miaka 19 baadaye Malkia Taramati alirejea kwenye skrini, safari hii akizungumza na kuimba. Aliyemwigiza alikuwa mwanamke msomi, mama wa watoto wawili, kutoka familia yenye hadhi mjini Bombay, jiji linaloitwa sasa Mumbai. Jina lake lilikuwa Durga Khote.

Hadi alipofariki dunia tarehe 22 Septemba 1991, akiwa na umri wa miaka 86, Durga Khote alikuwa ameonekana katika filamu zaidi ya 200. Watazamaji wengi wanamkumbuka kama mama, bibi au malkia aliyezeeka kwa heshima. Hata hivyo, uzito wa historia yake umo katika uamuzi alioufanya akiwa kijana, ambao ukoo wake uliuona kuwa fedheha.

Binti wa nyumba ya neema

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1905 mjini Bombay na kupewa jina la Vita Lad. Wazazi wake, Pandurang Shamrao Lad na Manjulabai, walitoka katika ukoo wenye asili ya Goa, na nyumbani walizungumza Kikonkani. Alilelewa katika familia kubwa iliyokuwa na uwezo, akasoma katika Shule ya Cathedral na baadaye katika Chuo cha St. Xavier's, wakati ambapo mabinti wachache mno nchini India walifika ngazi hiyo ya elimu.

Akiwa bado mwanafunzi wa chuo, aliolewa na Vishwanath Khote, mhandisi kutoka ukoo uliokuwa tajiri. Walijaliwa wana wawili, Bakul na Harin. Lakini neema ile haikudumu. Utajiri wa wakwe ukayeyuka, na Vishwanath naye akafariki angali kijana. Jukumu la kuwalea watoto likabaki mabegani mwa mama yao.

Katika tabaka la Durga, mjane alitarajiwa kujitenga na hadhara, kuvaa mavazi yasiyo na pambo na kuishi kwa hisani ya jamaa. Kujitafutia riziki hakukuwa miongoni mwa mambo aliyofundishwa binti wa nyumba kama yake, na kuitafuta riziki hiyo katika sinema kulikuwa jambo lisilotamkika.

Jukumu dogo, aibu kubwa

Sinema ya wakati huo haikukosa wanawake kabisa. Nyota kadhaa wa filamu bubu walitoka katika jamii za Wayahudi wa India na za watu wenye asili mchanganyiko ya Kihindi na Kizungu, na wengine walitoka katika koo za wasanii wa jukwaani. Hao walikuwa nje ya masharti ya matabaka ya juu ya Kihindu. Binti wa tabaka hilo aliyethubutu kuingia studio aliwatia doa wazazi wake, wakwe zake na hata watoto wake.

Durga alithubutu. Mwaka 1931 alionekana kwa muda mfupi katika filamu iitwayo Farebi Jaal. Sehemu yake ilikuwa ndogo, lakini lawama zilizomfika zilikuwa kubwa. Huenda safari yake ingekomea hapo, lau si kampuni ya Prabhat ya Kolhapur kumpa nafasi ya pili.

Nafasi hiyo ilikuwa Ayodhyecha Raja ya mwaka 1932, iliyoongozwa na V. Shantaram, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa zenye sauti kwa lugha ya Kimarathi. Ilitengenezwa pia kwa Kihindi. Kisa chake kilikuwa kile kile cha Phalke: Mfalme Harishchandra anapoteza kiti chake cha enzi, mali na hata familia yake ili asivunje ahadi, na Malkia Taramati anashuka kutoka kasri hadi utumwani pasipo kupoteza utu wake. Enzi hizo mtindo wa kuwatumia waimbaji wa nyuma ya pazia haukuwa umeanza, hivyo waigizaji waliimba wenyewe.

Filamu ilipata mafanikio makubwa. Mwanamke aliyelaumiwa kwa kuchafua jina la ukoo akawa anatazamwa na maelfu ya watu kama kielelezo cha mke mwadilifu. Baada yake, wazazi wa tabaka lake hawakuweza tena kudai kwamba mwanamke mwenye heshima hawezi kuigiza, maana walikuwa wamemwona.

Mwigizaji asiye na bwana

Katika miaka ya 1930 studio za India ziliwaajiri waigizaji kwa mshahara wa mwezi, na aliyesaini mkataba alibaki chini ya studio hiyo. Durga Khote alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuvunja utaratibu huo, akafanya kazi na kampuni mbalimbali kwa hiari yake. Alikwenda Calcutta, leo Kolkata, na mwaka 1934 akaigiza Sita katika filamu ya Seeta iliyoongozwa na Debaki Bose, huku Prithviraj Kapoor akiwa Rama. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Venice nchini Italia.

Mwaka 1936 alirudi kwa Shantaram na kuigiza Saudamini katika Amar Jyoti, mwanamke aliyenyimwa haki na kugeuka kuwa kiongozi wa maharamia wa baharini. Mwaka uliofuata akashika usukani mwenyewe kama mtayarishaji na mwongozaji wa filamu ya Saathi, hatua ambayo wanawake wachache mno duniani walikuwa wameifikia. Hakulitupa jukwaa pia. Kwa miaka mingi alicheza tamthilia za Kimarathi, na mwaka 1958 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya muziki, ngoma na maigizo.

Nguvu ya nafasi ya pembeni

Umri ulipomwondoa katika nafasi za shujaa wa kike, wengi wa rika lake walitoweka. Yeye alizigeuza nafasi za pembeni kuwa nguzo ya kazi yake. Mwaka 1960 ilitoka Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyochukua zaidi ya muongo mmoja kukamilika. Humo Durga Khote ni Malkia Jodha, aliyesimama kati ya mumewe, Mfalme Akbar, na mwanawe Salim, anayempenda mtumishi wa kasri, Anarkali. Akbar aliigizwa na Prithviraj Kapoor yule yule aliyekuwa Rama miaka 26 kabla. Vita ni vya baba na mwana, lakini machungu ya vita hivyo mtazamaji huyasoma katika uso wa mama.

Mwaka 1973, Raj Kapoor, mwana wa Prithviraj, alimpa nafasi ya bibi wa msichana anayependwa katika Bobby, filamu iliyomtambulisha Rishi Kapoor kama shujaa. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vilikuwa vimefanya kazi naye. Filamu ya Bidaai ya mwaka 1974 ilimpatia tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, akiwa amekaribia umri wa miaka 70.

Tuzo iliyochelewa

Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1968. Kisha ikampa Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 1983, heshima ya juu kabisa ya sinema nchini humo. Tuzo hiyo ina jina la mtu yule yule aliyemkosa mwanamke wa kuwa Taramati.

Hata hivyo, Tuzo za Taifa za Filamu, zilizoanza kutolewa mwaka 1954, zilikuwa hazijawahi kuwa na kipengele cha mwigizaji msaidizi wa kike. Kipengele hicho kilianzishwa kwa filamu za mwaka 1984, na mshindi wa kwanza akawa Rohini Hattangadi kwa filamu ya Party. Wakati huo Durga Khote alikuwa anaelekea miaka 80, na kazi zake kubwa za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kupita.

Mshindi wa pili alikuwa Vijaya Mehta, kwa filamu ya Rao Saheb, aliyoiongoza yeye mwenyewe na inayohusu hatima ya wajane katika familia yenye hadhi. Mehta aliwahi kuwa mkaza mwana wa Durga Khote. Alikuwa ameolewa na Harin, aliyefariki mapema na kuwaacha watoto wadogo. Baada ya msiba huo Mehta aliendelea kuigiza na kuongoza, akawa miongoni mwa majina makubwa ya tamthilia ya Kimarathi. Jambo ambalo mwaka 1931 lilimgharimu Durga jina lake halikuwa tena aibu.

Katika miaka yake ya mwisho, kampuni aliyoianzisha ilitayarisha Wagle Ki Duniya, tamthilia ya televisheni ya taifa iliyopendwa sana kuanzia mwaka 1988. Aliandika pia kumbukumbu za maisha yake kwa Kimarathi, zikiwa na jina lake mwenyewe: Mee, Durga Khote, yaani Mimi, Durga Khote.